Mafuriko Nairobi: Tingatinga si kinga kwa wakazi wa mabanda

MAFURIKO yaliyoikumba Nairobi mnamo Aprili na Mei 2024 yaliwafukuza wakazi wengi wa mitaa ya mabanda mara mbili. Kwanza walifukuzwa na maji usiku. Siku chache baadaye wakafukuzwa na matingatinga mchana. Baada ya yote hayo, hatari iliyowakabili haikupungua. Ilihama pamoja nao hadi bonde jingine na nyumba nyingine ya mabati.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wasimamizi wa jiji hawana budi kulijibu kabla ya kila msimu wa mvua. Je, Nairobi ina mpango wa kupunguza athari za majanga, au ina desturi ya kuyasubiri yatokee na kisha kuwaadhibu waliopatwa nayo? Huko Kibera na Kawangware, jibu la swali hilo ni suala la uhai.

Kufikia mwisho wa Mei 2024, karibu watu 300 walikuwa wamefariki kote nchini kutokana na mvua ya masika. Tukio lililotisha zaidi lilikuwa la alfajiri ya Aprili 29 karibu na Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, ambako wimbi la maji na matope lilisomba makazi na kuua makumi ya watu. Jijini Nairobi, mitaa ya Mathare, Mukuru na Kibera ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika vibaya.

Aprili 30, Baraza la Mawaziri liliamuru watu wote wanaoishi kandokando mwa mito na katika maeneo mengine hatari wahame. Ubomoaji ukafuata, hasa Mathare na Mukuru. Rais William Ruto alizuru Mathare mapema Mei na kuahidi kila familia iliyobomolewa Sh10,000 za kujikimu.

Kuwaondoa watu mbele ya maji yanayopanda ni wajibu wa serikali yoyote, na hakuna mwenye busara atakayeupinga. Lakini kuokoa watu ni jambo moja, na kubomoa makao yao mvua ikiendelea kunyesha bila kuwaonyesha pa kwenda ni jambo jingine. Familia iliyopoteza godoro, sufuria, sare za watoto na mtaji wa biashara kwa usiku mmoja haiwezi kununua usalama kwa Sh10,000. Itatafuta chumba cha bei inayoimudu, na chumba cha bei hiyo aghalabu kiko pale pale maji yanapopita.

Si kazi ya mawingu pekee

Ni kweli kwamba mvua imebadilika. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao huchunguza mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga, walikadiria Mei 2024 kwamba ongezeko la joto duniani liliizidishia ukali mvua ya masika ya mwaka huo kwa takriban asilimia 5. Wataalamu hao walisisitiza pia kwamba kupanuka kwa haraka kwa miji na unyonge wa wanaoishi katika maeneo hatari vilichangia pakubwa maafa yaliyotokea. Kwa maneno mengine, mawingu yalileta sehemu yao, na jiji likaongeza yake.

Sehemu ya jiji inaonekana wazi ukiufuata Mto Ngong, ambao huku juu hujulikana kama Motoine. Mto huo hutoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong, ukapita kusini mwa Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi. Bwawa lenyewe lilijengwa mwaka wa 1953 kuhifadhi maji ya akiba ya jiji, na kwa miaka mingi wenye uwezo walikuwa wakienda huko kuendesha mashua za tanga. Leo limejaa matope, taka na magugumaji. Chombo kilichofaa kuyapokea maji ya mafuriko na kuyatuliza hakina tena nafasi ya kutosha kuyaweka. Kijiji cha Silanga, ambacho jina lake kwa Wakenya wengi humaanisha bwawa, kimebaki kikipakana na tatizo hilo.

Kibera imekaa kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji hayapati udongo wa kuyanywa. Hupiga mabati, huanguka kwenye vijia vilivyoshindiliwa na nyayo za watu, huzoa taka ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua, kisha huziba kwa taka hizo mitaro iliyotakiwa kuyapitisha. Vyoo vya mashimo navyo hufurika. Kwa hivyo kinachoingia nyumbani si maji ya mvua tu, bali majitaka, na yanapopungua huacha nyuma hatari ya kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara.

Kwenye kingo za mto, baadhi ya ardhi si ardhi ya asili. Ni taka na vifusi vilivyorundikwa na kukanyagwa mpaka vikawa kiwanja cha kujengea. Kila kiwanja kinachoongezwa hivyo huupunguzia mto upana wake, na mto uliobanwa hutafuta njia kwingine. Mkazi anayejenga pale hatendi hivyo kwa kutojua. Anajua vyema, ila amepima hatari ya mafuriko ya siku chache dhidi ya umbali wa kwenda kutafuta kibarua kila asubuhi, akaona umbali ndio utakaomfilisi haraka zaidi.

Mitaa miwili, ardhi tofauti

Kosa mojawapo la mipango mingi ni kuihesabu mitaa yote ya mabanda kuwa kitu kimoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, na 434,208 katika kaunti ndogo ya Dagoretti, ambamo Kawangware ni sehemu mojawapo. Mitaa hii miwili inatofautiana katika jambo ambalo huamua nani atagharimia mtaro, nalo ni umiliki wa ardhi.

Historia ya Kibera ilianza na wanajeshi Wanubi wa kikosi cha King's African Rifles, waliopewa ruhusa na serikali ya kikoloni kukaa katika msitu huo bila kupewa hati. Jamii hiyo ilipata hatimiliki ya pamoja ya ekari 288 mwaka wa 2017 pekee, zaidi ya karne moja baadaye. Sehemu kubwa iliyosalia ni ardhi ya umma. Mwenye nyumba hana hati, na mkaaji ni mpangaji. Mwenye nyumba haoni faida ya kujenga msingi imara au mtaro mahali anapoweza kubomolewa kesho. Mpangaji naye hana mamlaka ya kujenga chochote. Serikali, iliyo mwenye ardhi, kwa miongo mingi iliuona mtaa huo kama kitu cha muda, hivyo haikupeleka huko huduma za kudumu.

Kawangware ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi wenye hati. Nyumba za mabati zimekuwa zikipisha majengo ya ghorofa ambayo mara nyingi huenea hadi ukingo wa mwisho wa ploti. Huko maji hayana budi kupita kwenye barabara na kwenye vijito vinavyoelekea Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Tatizo la Kawangware ni mtaro ulioanza na haukufika popote, kijito kilichozungushiwa ukuta, na ramani ya ujenzi iliyoidhinishwa bila mtu kuuliza maji ya paa yatakwenda wapi.

Kwa hivyo dawa haiwezi kuwa moja. Kibera inahitaji serikali ikubali kwamba mtaa huo ni wa kudumu, kisha igharimie mitaro, vyoo na uzoaji wa taka kama inavyofanya kwingineko. Kawangware inahitaji kaunti iwakabili wenye ploti na sheria za ujenzi zilizopo, bila kumwogopa mwenye hati wala mwanasiasa anayemkinga.

Sheria nayo imeleta utata wake. Kwa miaka mingi, upana wa ardhi inayopaswa kuachwa kandokando mwa mto umetegemea ni kanuni gani inayosomwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30. Tofauti ya mita 24 katika mtaa wa mabanda ni safu nzima za nyumba. Mkazi hawezi kulaumiwa kwa kuvuka mpaka ambao maafisa wenyewe hawakubaliani ulipo.

Na mipaka hiyo haijavukwa na maskini peke yao. Agosti 2018, matingatinga yaliangusha South End Mall kwenye Barabara ya Lang'ata, mwendo mfupi kutoka Kibera, pamoja na jengo la Ukay huko Westlands, kwa sababu yalikuwa yamejengwa kwenye njia ya mto. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba sheria ingefuatwa bila ubaguzi. Kampeni hiyo ilififia baadaye. Mwezi mmoja kabla yake, Julai 2018, nyumba, shule na makanisa yalikuwa yamebomolewa Kibera ili kupisha barabara inayounganisha Ngong na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki bila makao.

Funzo kutoka Dar es Salaam

Nairobi haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Dar es Salaam, jiji la pwani lenye mitaa mingi iliyokua bila mpango, limepitia njia hiyo hiyo na kuilipia gharama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na kuharibu makazi katika Bonde la Msimbazi. Serikali ya Tanzania iliwapa baadhi ya waathiriwa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Baadhi yao walirudi bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo na Jangwani. Mwishoni mwa 2015 na mapema 2016, nyumba zilizobaki zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingi zikabomolewa. Aprili 2018 bonde likafurika tena, kwani ubomoaji haukuwa umeugusa mto wenyewe.

Hapo ndipo mawazo yalipoanza kubadilika. Katika mwaka huo wa 2018, wataalamu, maafisa na wakazi waliketi pamoja katika mfululizo wa vikao kuandaa mpango wa bonde zima, kuanzia vyanzo vya mito hadi baharini. Mwaka wa 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 za Marekani kuutekeleza. Mpango huo unajumuisha kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika, na kuwalipa fidia wanaoondolewa. Si mpango usio na dosari, na malalamiko kuhusu viwango vya fidia yamesikika. Hata hivyo, jiji hilo limefika mahali ambapo kumwondoa mtu ni sehemu ya kazi kubwa zaidi ya kuudhibiti mto, wala si kazi yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo Dar es Salaam ililitekeleza kwa upana, na ambalo mizizi yake iko Kibera. Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera chini ya mradi wa Map Kibera walitembea kijia kwa kijia na kuuchora mtaa wao, ambao katika ramani za wakati huo ulikuwa kama pengo tupu. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaro, nyumba na sehemu zinazofurika kata kwa kata, na ramani hizo zikatumiwa katika mipango ya mafuriko. Mbegu iliyopandwa Nairobi ilipaliliwa kwingine.

Onyo lisilofika

Katika kupunguza majanga, hatua ya bei nafuu kuliko zote ni onyo linalofika mapema na kueleweka. Hapa pia Nairobi imejikwaa. Oktoba 2023, Rais Ruto aliwaambia wananchi kwamba mvua kubwa ya El Niño iliyokuwa ikihofiwa haingekuja. Wiki chache baadaye mafuriko yakasambaa nchini na kuua watu wengi. Wataalamu wa hali ya anga walikuwa wamezungumza kwa lugha ya uwezekano, na wanasiasa wakaigeuza kuwa ahadi.

Lugha hiyo ya kitaalamu ni kikwazo hata pasipo siasa. Mkazi wa bondeni akiambiwa kutakuwa na manyunyu ya hapa na pale na vipindi vya ngurumo, hajui iwapo anapaswa kuinua godoro, kumtoa mtoto shuleni mapema au kulala kwa jamaa aliye juu ya mlima. Kuanzia mwaka wa 2018, mradi uitwao DARAJA uliendeshwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na Dar es Salaam kwa ushirikiano na idara za hali ya anga za nchi zote mbili. Lengo lake lilikuwa kuugeuza utabiri uwe ujumbe unaosema mvua itafanya nini na mkazi afanye nini, kisha kuupitisha kwa redio za mitaani, shule na viongozi wa jamii. Mradi kama huo haugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya barabara. Kinachohitajika ni kuufanya kuwa kazi ya kila siku ya serikali badala ya kuuachia wafadhili.

Kazi zinazowezekana

Watetezi wa ubomoaji husema kwamba njia nyingine zote huchelewa. Wana hoja. Makubaliano kati ya serikali na shirika la UN-Habitat ya kuboresha mitaa ya mabanda yalitiwa sahihi 2003. Wakazi wa kwanza wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda huko Lang'ata mnamo 2009. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka wa 2016. Miaka 13 kwa nyumba 822 si kasi inayoweza kushindana na mvua.

Lakini ucheleweshaji huo unathibitisha tu kwamba nyumba mpya peke yake si mpango. Kati ya tingatinga na ghorofa kuna kazi nyingi ndogo. Shirika la Kounkuey Design Initiative, likishirikiana na vikundi vya wakazi tangu 2006, limegeuza sehemu kadhaa za kingo za Mto Ngong zilizokuwa majaa kuwa viwanja vya umma vyenye kuta za mawe za kuzuia mmomonyoko, mitaro, vyoo na mahali pa kufulia. Mukuru ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka wa 2017, wakazi wakashirikishwa, na baadaye barabara zenye mitaro zikajengwa. Pale ambapo mkazi amefaidika na ukingo wa mto uliotengenezwa, yeye mwenyewe huwa mlinzi wake dhidi ya wanaotaka kuunyakua.

Wajibu wa kisheria unajulikana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na usimamizi wa majanga. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka anayeondolewa apewe notisi ya miezi mitatu. Mwaka wa 2024 makataa yalihesabiwa kwa saa. Dharura inaweza kueleza haraka hiyo mara moja. Haiwezi kuieleza kila masika, ilhali mito haijahama na nyumba zimekuwapo kwa miongo.

Machi 2025, Rais alizindua mradi wa kufufua Mto Nairobi wa takriban Sh50 bilioni, unaohusisha mabomba ya majitaka, usafishaji wa mito na nyumba. Si mara ya kwanza mito ya jiji kuahidiwa uhai mpya, kwani marehemu John Michuki aliianza kazi hiyo alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, nayo ikalegea baada yake. Mradi wa sasa utapimwa kwa mambo ya kawaida kabisa. Je, vijito vya Kawangware na Mto Ngong vitapata uangalizi sawa na sehemu za mto zinazopita katikati ya jiji? Je, Bwawa la Nairobi litatolewa matope ili lipokee maji tena? Je, upana wa kingo utawekwa mmoja, ukachorwa ardhini na kuonekana na kila mtu, awe wa Kibera au wa Lavington?

La muhimu zaidi, je, mpangaji atahesabiwa? Fidia ikitolewa kwa jengo, atakayeipokea ni mwenye jengo, ambaye huenda haishi hapo. Anayelala ndani, ambaye ndiye atakayesombwa na maji, huambulia msaada wa mara moja. Mpango wowote wa kuwahamisha watu usiomjumuisha mpangaji kwa jina na kumwonyesha nyumba anayoimudu, karibu na kazi yake, utamrudisha bondeni kabla ya msimu kwisha.

Gharama ya kutofanya hivyo haiishii Nairobi. Mto Ngong huingia Mto Nairobi, nao huungana na Athi, ambao hugeuka Galana na kisha Sabaki kabla ya kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Taka zinazoziba mtaro Kibera zinaweza kufika hadi ufuo wa wavuvi wa pwani.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Nairobi unajulikana ulipo, na hata ukichelewa kuzibwa wote, kuna kazi isiyohitaji mkopo wala sherehe ya uzinduzi, nayo ni kuzibua mitaro ya Kibera na Kawangware mwezi Februari kabla ya masika, na mwezi Septemba kabla ya vuli. Kaunti ikishindwa na hilo, haitakuwa na haki ya kumwambia mkazi yeyote kwamba nyumba yake ndiyo iliyoyaleta mafuriko.